Barua ya babu kutoka Bama: mwongozo kamili wa kuifungua, kuisoma na kuitunza

Wasomaji wengi wamenitumia picha za barua ambazo babu zao waliziandika wakiwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika Vita Kuu ya Pili, huko Bama (Burma, Myanmar ya leo) na kwingineko, na nyingi zimeshaumia mikononi mwa watu wenye nia njema. Moja imepigwa pasi ili inyooke. Nyingine imetiwa laminesheni. Nyingine imebandikwa selotepu kila mkunjo, na bahasha yake imetupwa kwa kuwa "haina maneno". Kisha linafuata swali lile lile: mbona babu hakuandika lolote kuhusu vita?

Hakuruhusiwa. Na hata kama angeruhusiwa, si hilo lililomfanya atafute karatasi. Aliandika kuhusu nyumba yake. Vita ameviacha kwenye bahasha, kwenye tarehe, na kwenye sentensi alizozikatisha. Ukifuata hatua hizi kwa mpangilio wake utaviona.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Meza safi na kavu, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja
- Kitambaa cheupe au karatasi safi za kutandika
- Penseli ya kawaida. Kalamu ya wino isikaribie meza hiyo
- Brashi laini ya kupakia rangi, ambayo haijawahi kutumika
- Simu yenye kamera nzuri, na rula
- Karatasi nyeupe za A4 za kuchapia
- Vitabu viwili vizito
- Sanduku la plastiki au la bati lenye mfuniko
- Daftari

Glovu hazihitajiki. Glovu za pamba hukunyima hisia ya vidole, na ndipo ukingo wa karatasi unapochanika. Nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa, usipake mafuta.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa kwa aliyeitunza

Barua hiyo hukuandikiwa wewe. Mara nyingi imekaa kwa bibi au shangazi kwa miaka mingi, ndani ya sanduku la nguo, na yeye ndiye aliyeinusuru na moto, mvua na kuhamahama. Nenda kwake, msalimie, kaa, kisha eleza unachotaka kufanya. Usiiondoe nyumbani kwake "kwa siku mbili tu". Kazi yote ya mwanzo inafanyika mezani pake.

Kabla hamjaifungua, muulize mambo matatu na uyaandike. Barua ilifika kwa nani? Nani aliisomea familia? Na babu aliandikishwa jeshini kwa jina gani?

Swali la tatu ndilo linalosahaulika, na ndilo linalokwamisha watu mwishoni. Jina la jeshini liliandikwa na karani aliyesikia kwa sikio lake. Wapo walioandikishwa kwa jina la baba, la ukoo, au la utani. Ukipata majina mawili au matatu ya mtu mmoja, umeanza vizuri.

## Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa zaidi

Piga barua ikiwa bado imekunjwa, jinsi ilivyo. Namna ilivyokunjwa na kilichokuwa pamoja nayo ni sehemu ya habari: risiti, picha, kipande cha gazeti. Ukishavitenganisha bila picha, hakuna atakayekumbuka nini kilikuwa na nini.

Zima flashi. Shika simu juu ya karatasi moja kwa moja, isiinamie upande. Weka rula kando ili ukubwa ujulikane. Piga mbele, nyuma, na bahasha pande zote mbili.

Baadaye, barua ikishakunjuliwa, rudia. Safari hii piga na picha moja zaidi huku mwanga ukitoka ubavuni, chini chini. Penseli iliyofutika huacha mfuo kwenye karatasi, na mwanga wa ubavuni huuonyesha.

Kagua pale pale kwa kukuza picha. Ikiwa huwezi kusoma herufi ndogo kabisa, piga tena. Unapowatumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti. Ukituma kama picha ya kawaida itapunguzwa ubora, na mihuri haitasomeka.

## Hatua ya 3: Ikunjue pole pole

Toa pini na stepla kwanza, kwa sababu kutu hula karatasi. Usivute. Nyanyua miguu ya stepla kwa ncha butu, kisha ichomoe kwa nyuma. Pangusa vumbi kwa brashi kutoka katikati kwenda pembeni.

Fungua mkunjo mmoja mmoja. Ukisikia karatasi inalia, acha. Iweke katikati ya karatasi mbili safi, juu yake kitabu kizito, iache hadi kesho yake. Barua iliyokunjwa zaidi ya miaka 80 haiwezi kunyooka kwa dakika 5.

Onyo kubwa: maji, mvuke na pasi ni marufuku. Askari wengi waliandika kwa penseli ya kopi, ile ambayo ikiwa kavu inaonekana ya kijivu kama penseli yoyote, lakini ikiguswa na unyevu rangi yake hugeuka zambarau na kutapakaa. Tone moja la jasho linatosha kufuta sentensi. Ukiona madoa ya zambarau kwenye maandishi ya kijivu, ndiyo hiyo.

Selotepu iliyokwishabandikwa, iache. Kuibandua nyumbani ni kuondoa na maneno.

Hatua hii imekwisha pale barua inapolala yenyewe mezani bila kushikwa. Mikunjo ikibaki kuonekana si kitu.

## Hatua ya 4: Soma bahasha kabla ya barua

Hapa ndipo watu wengi hupoteza nusu ya habari. Askari alikatazwa kutaja mahali alipo, na ofisa wa kikosi chake aliipitia barua kabla haijaondoka. Lakini posta ya jeshi ilikuwa na alama zake, na alama hizo leo zinasema kile ambacho yeye hakuweza kusema.

Nakili kila kitu kilichoko kwenye bahasha, hata usichokielewa. Kisha tafuta vifuatavyo.

O.A.S. Kirefu chake ni "On Active Service". Inaonyesha kwamba barua ilitumwa na askari aliye kazini.

PASSED BY CENSOR, mara nyingi pamoja na namba, na wakati mwingine sahihi ya ofisa. Mtu wa tatu aliisoma barua hii. Kila neno lililomo liliandikwa na mtu aliyejua kwamba litasomwa na mkubwa wake.

E.A. A.P.O. na namba. Hii ni posta ya jeshi la Afrika Mashariki. Namba ilisimama badala ya jina la mahali.

M.E.F. Huyu alikuwa Mashariki ya Kati: Misri, Libya, Palestina na maeneo ya jirani. Vijana wengi wa Afrika Mashariki walikuwa huko katika vikosi vya Pioneer, wakijenga na kupakua mizigo. Kama ukoo wenu unasema "babu alikuwa Bama" na bahasha inasema M.E.F., usigombane na wazee. Huenda alifika kote kuwili.

S.E.A.C. Hii ni kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943. Bahasha yenye herufi hizi haiwezi kuwa ya 1941 au 1942, hata kama tarehe iliyofifia inasomeka hivyo.

Namba ya batalioni. Hii ni dhahabu. Batalioni za King's African Rifles zilipoongezwa wakati wa vita, namba zilifuata mizizi ya zamani. Ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na kutoka hapo zikaja 26, 36 na 46. Ya 4 ilikuwa ya Uganda, zikafuata 34 na 44. Ya 5 na ya 11 zilikuwa za Kenya. 13 na 22 za Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Ukiona "36 K.A.R." kwenye kona ya bahasha, umeshajua askari huyo alikuwa katika batalioni ya Tanganyika, na kwamba ilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru.

Namba ya askari. Inakaa karibu na jina lake. Inakili mara mbili na mtu mwingine aihakiki. Majina yaliandikwa hovyo, lakini namba ilikuwa moja.

Ikiwa hakuna bahasha, geuza barua yenyewe. Zipo barua za karatasi moja nyepesi iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, na anwani iko mgongoni.

## Hatua ya 5: Nakili kama ilivyo

Andika daftarini mstari kwa mstari, ukikata mstari pale alipokata yeye. Usirekebishe tahajia. Akiandika "khabari", "baruwa" au "killa", andika hivyo hivyo. Tahajia inaonyesha alisoma wapi, au nani alimwandikia.

Neno usilolisoma liwekee [?]. Sehemu iliyokatwa kwa mkasi au kufunikwa kwa wino iandike [imekatwa], na upime kwa rula. Usijaribu kuusugua wino wa mkaguzi.

Kama barua ni ya herufi za Kiarabu, kama walivyoandika watu wengi wa pwani, tafuta mzee au mwalimu wa madrasa anayesoma Kiswahili kwa hati hiyo. Si kila anayesoma Kurani ataweza, kwa sababu hati ya mkono haina irabu zote. Mwombe asome kwa sauti huku ukimrekodi. Atakaporudia sentensi mara mbili akisita, hapo ndipo pa kuweka [?].

Linganisha mwandiko wa barua zote mlizonazo. Askari wengi hawakujua kuandika walipoingia jeshini. Wengine walijifunzia huko huko kwa walimu wa jeshi waliofunzwa Jeanes School, chuo cha walimu huko Kabete karibu na Nairobi. Wengine waliandikiwa na mwenzao au karani. Mwandiko ukibadilika kati ya barua moja na nyingine, inawezekana mwandishi ndiye aliyebadilika. Na ukiona barua za mwanzo zina mwandiko mzuri wa karani, kisha ya mwisho ina herufi kubwa zinazopanda na kushuka, ishike vizuri hiyo. Huenda ndiyo ya kwanza aliyoiandika kwa mkono wake.

## Hatua ya 6: Isome kama alivyoiandika

Soma barua ukijua idadi ya watu waliosimama kati ya babu na mama yake: aliyeandika, ofisa aliyepitisha, na mwalimu au karani wa jumbe aliyeisoma kwa sauti mbele ya majirani. Hakuna siri ingepita hapo. Kwa hiyo mapenzi yake ameyaweka kwenye maagizo.

Nimetunga mfano mfupi kwa mtindo wa barua za wakati huo, ili tuupitie pamoja:

*"Kwa mpenzi mama yangu. Salaam nyingi sana. Ama baada ya salaam, mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni kwenu. Huku mvua ni nyingi lakini tunakula vizuri. Je, fedha za kwa D.C. mmezipata miezi hii? Yule ng'ombe mwekundu msimuuze hata baba mdogo akisema. Rafiki yangu yule wa Mahenge hayuko nami tena. Nisalimieni wote waniulizao. Mungu akipenda tutaonana."*

Salamu. Usiziruke kwa sababu zimezoeleka. Hesabu nani ametajwa na nani hakutajwa. Mke akisalimiwa katika barua tatu na asitajwe ya nne, kuna jambo. Huenda ilifika habari ambayo nyinyi hamkuambiwa.

"Tunakula vizuri." Hii si taarifa ya chakula. Ni mtoto anamtuliza mama yake. Usiichukue kuwa ushahidi kwamba walishiba.

"Mvua ni nyingi." Hii ni taarifa, na imepita kwa ofisa bila shida. Kama barua ni ya Agosti, kwao Tanganyika ya bara ni kiangazi kikavu. Mvua kubwa ya Agosti ni masika ya Burma. Agosti 1944 Divisheni ya 11 ilikuwa inateremka bonde la Kabaw baada ya kupita Tamu, kwenye matope na malaria.

"Fedha za kwa D.C." Askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikalipwa kwa familia kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Akiuliza "miezi hii", anajua kuna kukwama. Maswali ya fedha yakirudi barua baada ya barua, familia ilikuwa na dhiki, na yeye aliibeba dhiki hiyo akiwa mbali asiweze kufanya kitu.

Ng'ombe. Wajukuu wengi hupita hapa haraka, na mimi naona ndipo pa kukaa. Ng'ombe ni mahari. Kijana anayesema msimuuze anapanga kurudi na kuoa. Kwa sentensi hiyo moja amemwambia mama yake kwamba hana nia ya kufa.

"Hayuko nami tena." Kahamishwa, kaumia, kapotea au kafa, hakuweza kuandika zaidi. Usiamue wewe. Weka alama daftarini, uiangalie tena ukifika Hatua ya 8.

Ukimaliza, andika orodha ya watu, mali na maagizo yote yaliyomo, kisha mpelekee bibi. Usimsomee barua nzima kwa mkupuo. Mtajie jina moja moja na usubiri. Ikiwa ataanza kusahihisha, "Huyo hakuwa baba mdogo wa kuzaliwa naye", kazi inakwenda vizuri.

## Hatua ya 7: Iweke kwenye kalenda

Barua nyingi hazina mwaka. Tumia vipindi hivi kuikaribia tarehe:

- 1940 na 1941: mapigano ya Somalia na Uhabeshi, hadi Gondar ilipoanguka Novemba 1941
- Septemba hadi Novemba 1942: Madagaska
- 1943 hadi katikati ya 1944: mazoezi Ceylon, Sri Lanka ya leo
- Agosti hadi Desemba 1944: bonde la Kabaw, kisha Kalewa ikatwaliwa mwanzoni mwa Desemba na daraja likajengwa juu ya mto Chindwin
- Baada ya Agosti 1945: vita vimekwisha, lakini wengi walisubiri meli kwa miezi, wengine hadi 1946

Askari Mwislamu alitaja mfungo kuliko mwezi wa kizungu. Ramadhani ya 1943 ilikuwa Septemba. Ya 1944 ilianza kama tarehe 20 Agosti, katika mvua za Kabaw. Ya 1945 ilianza siku chache tu kabla Wajapani hawajatangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti. Kwa hiyo barua inayosema "tumefunga katika matope" ina mwaka wake. Vilevile "mfungo sita" ni mwezi wa Maulidi, si Juni. Kosa hilo nimelikuta mara nyingi.

Magazeti nayo husaidia. Akisema amesoma *Heshima*, hilo lilikuwa gazeti la askari wa Afrika Mashariki waliokuwa Asia. *Baraza* na *Mambo Leo* yalitoka nyumbani.

Andika tarehe yako kwa penseli daftarini, pamoja na sababu yake. "Agosti hadi Septemba 1944, kwa sababu ya mvua, mfungo na S.E.A.C." ni jibu zuri. "1944" peke yake halimsaidii atakayekuja baada yako.

## Hatua ya 8: Tafuta jina lake, na la rafiki yake

Kama alifia vitani, anzia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo haitozi kitu. Rekodi zake za vita hivyo zinafika hadi mwisho wa 1947. Tafuta kwa namba kwanza. Ukikosa, badilisha R na L, jaribu Ali na Ally, jaribu jina la baba peke yake, na uangalie majina yenye "s/o", yaani mwana wa.

Wasio na kaburi linalojulikana huko Burma wameandikwa kwenye ukumbusho wa Rangoon, ulioko makaburi ya Taukkyan. Nairobi, kwenye makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, upo ukumbusho wa Afrika Mashariki. Kama barua za babu mpiga mizinga zinakoma ghafla mwanzoni mwa 1944, angalia meli ya Khedive Ismail. Ilikuwa ikitoka Mombasa kwenda Colombo ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, na zaidi ya watu 1,200 walikufa, wengi wao wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki.

Onyo: kutokumwona kwenye orodha hiyo hakumaanishi kwamba hakwenda vitani. Orodha ni ya waliokufa. Waliorudi utawatafuta kwenye Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, hasa majalada ya wilaya alikotoka. Shajara za kila siku za batalioni ziko kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London: kundi WO 169 kwa Mashariki ya Kati na Afrika Mashariki, WO 172 kwa Asia ya Kusini-Mashariki. Ukiwa na batalioni na mwezi, unaweza kujua kikosi chake kilikuwa wapi wiki aliyouliza habari za ng'ombe.

Na usimsahau yule wa Mahenge. Upo uwezekano kwamba kwao hawajawahi kupata hata mstari mmoja, na nyinyi mnao.

## Hatua ya 9: Ihifadhi

Weka kila barua na bahasha yake ndani ya karatasi nyeupe ya A4 iliyokunjwa katikati. Bahasha za kaki na magazeti zina asidi, hugeuza karatasi kuwa ya njano na kavu. Andika namba kwenye karatasi ya nje kwa penseli. Usiandike kwenye barua.

Panga zikiwa zimelala, zisisimame, ndani ya sanduku lenye mfuniko. Liweke chumba cha ndani, juu ya rafu, mbali na jiko na ukuta wa nje. Vidonge vya naftalini visiguse karatasi. Ukiwa pwani, subiri siku kavu ndipo ufunge sanduku, la sivyo unafungia unyevu humo ndani.

Laminesheni, hapana. Joto na gundi yake haviondoki tena. Anayetaka kuitundika ukutani mchapishie nakala ya rangi. Haitapungua kitu machoni mwa wageni.

Nakala za picha ziwe mahali pawili angalau: kwenye simu ya mtu mmoja na kwenye flashi au barua pepe ya mwingine anayeishi nyumba nyingine. Pamoja na picha weka maandishi uliyonakili, tarehe uliyoikadiria na sababu zake, na majina ya waliokusaidia kusoma.

Lifungue sanduku kila baada ya masika. Ukiona unga mwembamba au vitobo, wadudu wameingia: toa kila kitu, pangusa nje ya nyumba, badilisha karatasi zote za A4, na angalia kuta za chumba kabla hujalirudisha pale lilipokuwa.